Kutoka Malindi kwenda kupanda SGR Miritini: utoke saa ngapi na upande treni gani

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Shella, hapa hapa Malindi: "Asalam aleikum kaka. Tuna harusi Nairobi mwezi ujao, Jumamosi. Tutakwenda mimi, mama (magoti yanamsumbua, basi la safari ndefu haliwezi tena) na wanangu wawili, mmoja miaka saba mwingine miwili. Dada yangu yuko Lamu anataka tuongozane. Mjomba yeye harusi hana haja nayo, anataka kuunganisha mpaka Kisumu kwa treni. Hiyo SGR sijawahi kuipanda hata siku moja. Stesheni iko wapi hasa, tutoke Malindi saa ngapi, na tukifika Nairobi usiku tunafikaje South C?"

Wa aleikum salaam dada'ngu. Umeuliza vizuri manake watu wengi wakinijia huanza na nauli, wewe umeanza na saa, na kwa mtu wa Malindi saa ndiyo safari yenyewe. Treni ikishatoka haina maneno, inakwenda zake. Shida yote iko kati ya mlango wako na Miritini, hapo ndipo watu wanapoachwa, na wakiachwa wanalaumu treni.

Kwanza tujue stesheni iko wapi. Ukisikia stesheni ya Mombasa usiwaze ile ya zamani ya kisiwani, pale mwisho wa Haile Selassie, ambayo wazee wetu walikuwa wakipandia gari la moshi la usiku. Ile ni ya reli ya Mwingereza iliyoanza kujengwa 1896 ikafika Kisumu 1901, na treni yake ya abiria ya Nairobi iliachishwa 2017 hii reli mpya ya SGR ilipoanza. Reli mpya ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, abiria wakaanza kupanda kesho yake, na stesheni yake kuu kwa upande wetu iko Miritini, bara ya magharibi, ukishapita Changamwe kwa barabara ya Nairobi. Jina lake kwenye tiketi ni Mombasa Terminus. Utaijua tu, jengo limezunguka duara ndani ya duara na mnara katikati, waliochora walitaka ionekane mawimbi ya maji yakitawanyika. Watu hulalamika mbona wameiweka mbali na mji, lakini ile reli sana sana ni ya makontena ya bandari, sisi abiria tumebebwa tu humo humo, na kisiwani penyewe unapajua palivyobanana.

Sasa uangalie kadhia yetu sisi wa kaskazini. Mtu wa Ukunda siku hizi ana ile barabara ya Dongo Kundu inayomtoa kusini mpaka upande wa Miritini bila kugusa feri ya Likoni. Sisi hatuna kitu kama hicho. Sisi lazima tuteremke Kilifi, Mtwapa, Bamburi, tuvuke daraja la Nyali tuingie kisiwani, tukate mji mpaka Makupa, tutoke tena Kibarani, ndipo tuje Changamwe na malori yake yote, halafu Miritini. Yaani tunaingia kisiwa kwa mlango mmoja tunatokea mwingine, na milango yote miwili ina jam.

Treni ni tatu kwa siku, na saa zake ni zile zile upande wa Mombasa na upande wa Nairobi. Saa mbili asubuhi inatoka ile inayoitwa Inter-County, hii inasimama vituo vya katikati: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Saa tisa mchana inatoka Express, na saa nne usiku inatoka Express nyingine. Zote safari yake ni masaa matano na kitu mpaka sita, ile ya asubuhi ndiyo inachelewa kidogo kwa sababu ya kusimama simama. Kwenye tiketi saa zimeandikwa 08:00, 15:00 na 22:00, kwa hivyo ukimsomea bi mkubwa mgeuzie mwenyewe, usimwachie karatasi asome nane akadhani ni saa nane.

Nauli tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 ekonomi na 4,500 daraja la kwanza, Mombasa mpaka Nairobi. Mtoto wako wa miaka saba analipa nusu, na huyu wa miwili hana nauli kwa sababu hajafika mitatu, ila atakaa mapajani, hana kiti chake. Hesabu ya ekonomi kwa nyinyi wa Malindi basi ni 1,500 mara mbili na 750, jumla 3,750 kwenda peke yake, dada wa Lamu ukimtia inakuwa 5,250.

Treni ya saa mbili asubuhi kwa mtu anayelala Malindi na anayepitia Mombasa ni mtihani. Ili uwe Miritini saa moja asubuhi itabidi utoke nyumbani saa nane tisa za usiku, na watoto, na mama. Sikushauri. Ya saa nne usiku inakupa mchana kutwa wa kujiandaa, lakini inakufikisha Syokimau, ndiko iliko stesheni ya SGR ya Nairobi, alfajiri kabla hata ya adhana, mama amekaa kitako usiku kucha, na huko kuna baridi ambayo mtu wa Malindi haijui. Vijana wanaipenda kwa sababu inawaokolea pesa ya kulala. Kwa msafara wako hapana.

Kwa hivyo kwenda, panda ya saa tisa mchana, Alhamisi. Usingoje Ijumaa, manake Ijumaa kila mtu anasafiri na harusi yenyewe ni kesho yake, mama anahitaji siku moja ya kunyoosha magoti kabla ya kukalishwa kwenye mikeka ya watu.

Kutoka Malindi utoke saa mbili asubuhi, ikizidi sana saa mbili na nusu. Najua utasema mapema yote hiyo ya nini, Mombasa si masaa mawili tu. Masaa mawili ilikuwa zamani, tena kwa gari la mtu binafsi na barabara tupu. Hebu tuhesabu pamoja: Malindi mpaka Kilifi ni saa moja hivi, hapo hakuna noma, ni msitu wa Arabuko na matuta tu. Kilifi mpaka Mtwapa weka dakika 45 mpaka saa nzima. Kuanzia Mtwapa ndipo mambo yanapoanza, barabara inapanuliwa, unapelekwa kando unarudishwa, halafu Bamburi mpaka daraja la Nyali unaweza kumaliza saa moja na nusu huku unaiona bahari tu. Kisiwani mpaka Miritini weka saa nzima kwa sababu ya malori ya Changamwe, lori moja likizimika pale mteremko basi watu wote wanazima. Jumla umekula masaa manne na zaidi. Unafika saa sita na nusu au saa saba, treni ni saa tisa, na hiyo ndiyo nafasi ninayoitaka. Ukifika mapema utakaa, utakula, watoto watakwenda choo. Ukichelewa hakuna wa kukungoja, ile treni saa tisa ikisema inatoka inatoka, na stesheni wanafunga mlango wa kuingilia jukwaani kabla ya hapo.

Matatu au gari la kukodi? Kama mngekuwa vijana wawili ningekwambia pandeni matatu mpaka Mombasa, mshuke mjini, mtafute zile matatu zinazoitisha Miritini SGR, mkimaliza. Lakini kwa mama na mtoto wa miaka miwili na mabegi ya harusi (na najua kuna halwa, usinifiche), kubadilisha gari katikati ya Mombasa jua la saa sita ni kuitafutia mama ugonjwa. Chukua Probox au gari dogo la kukodi, liwatoe nyumbani liwafikishe mpaka mlango wa stesheni, mkubaliane bei kabla, na umwambie dereva wazi ni Miritini SGR si Mombasa, kwa sababu wengine wakishafika Buxton wanaanza kukwambia Miritini ni mbali ongeza kitu.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa Malindi hawaitumii na mimi sielewi kwa nini, na hii ndiyo nataka mjomba wako aisikie vizuri. Ukitoka Malindi ukivuka daraja la Kilifi unakuja Mavueni, pale kuna barabara inapinda kulia inapanda Kaloleni na kutokea Mariakani kwenye barabara kuu ya Nairobi. Ni lami. Hakuna Mtwapa, hakuna Nyali, hakuna kisiwa, hakuna Changamwe. Na Mariakani ina stesheni ya SGR, ile ya asubuhi inasimama pale muda si mrefu baada ya kutoka Miritini. Mtu akitoka Malindi saa kumi na nusu alfajiri kwa gari la kukodi, saa moja na robo hivi yuko Mariakani, anangoja treni badala ya treni kumngoja yeye. Ila mambo mawili: ni ile ya saa mbili asubuhi tu, Express usiitegemee Mariakani, na tiketi aikate kabisa ikiwa imeandikwa Mariakani kwenda Nairobi. Pia stesheni haiko sokoni, dereva ampeleke mpaka pale pale, asimmwage kwenye mizani ya malori akaanza kutafuta bodaboda na mabegi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kupita Sala Gate, waingie Tsavo watokee Voi wapande treni ya asubuhi pale. Kwenye ramani inapendeza. Lakini hiyo ni mbuga, unalipa kiingilio, lango lina saa zake, na tembo akiamua kusimama barabarani hakuna cha tiketi. Hiyo waachie watalii.

Sasa dada wa Lamu. Huyu ndiye mwenye safari ndefu kuwashinda wote na ndiye anayesahaulika kwenye mipango. Akitoka Amu lazima avuke kwa boti mpaka Mokowe, apande basi la asubuhi, apite Witu, Garsen, vizuizi vya askari vyote, na akifika Malindi ni mchana tayari, Mombasa ni alasiri. Treni ya saa tisa siku hiyo hiyo aisahau, hata dereva akiwa ndege. Mwambie aje Jumatano alale kwako, Alhamisi mtoke pamoja. Akisema hana muda, basi kwake ni ile ya saa nne usiku, atafika Mombasa jioni, apumzike kwa jamaa, saa mbili usiku awe ameshafika Miritini. Na kama atakuuliza ile treni ya Lamu iko wapi, mwambie bado iko kwenye makaratasi. Mradi ule wa bandari, barabara na reli ya Lamu, LAPSSET, ulizinduliwa Machi 2012 na Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini, gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ikaanza kazi Mei 2021, barabara ya Lamu Witu Garsen ikapata lami, lakini reli haijalazwa hata pau moja. Watu wa Lamu wataendelea kuja Miritini kama sisi.

Tiketi. Usiende stesheni kununua siku ya safari, hasa wakati shule zimefungwa, Idd, Pasaka au Disemba, utakuta ekonomi yote imekwisha. Piga *639# kwenye simu yako ufuate maelezo, au ubuku kwenye tovuti ya Kenya Railways, unalipa kwa M-Pesa. Kila abiria anaandikwa jina na namba ya kitambulisho, kwa hivyo kusanya vitambulisho vya wote kwanza ndipo uanze, manake ukikaa katikati unampigia mama akutafutie kipande chake kwenye kabati, muda unakwisha inakutupa nje unaanza upya. Watu wanaosafiri pamoja wabukiwe pamoja, ukimbukia mama leo na wewe kesho mtapewa mabehewa tofauti na hapo utaanza kuomba watu wabadilishane viti. Ukimaliza unapata meseji yenye namba ya tiketi, usiifute. Ukifika stesheni kuna mashine za kutolea tiketi ya karatasi, unaingiza hiyo namba inakuchapia. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto beba kopi, hata wasipoviuliza hujapoteza kitu.

Turudi kwa mama na magoti, manake hapa ndipo pesa yako itakapofanya kazi au isifanye. Ekonomi viti ni vitatu upande mmoja viwili upande wa pili, na vinatazamana. Vimenyooka, havilali nyuma, na goti lako linatazamana na goti la mtu usiyemjua kwa masaa matano, hakuna pa kunyosha mguu mpaka huyo wa mbele akubali kukunja wake. Kijana anavumilia, tena ekonomi ni raha kwa porojo. Mgonjwa wa magoti atafika Nairobi hashuki. Daraja la kwanza viti ni viwili kwa viwili na nafasi ya miguu ipo. Kama mfuko unaruhusu, mama na wewe na watoto mkae daraja la kwanza, itakuwa 4,500 mara mbili na nusu ya mtoto 2,250, yaani 11,250. Najua si pesa ndogo. Kama hairuhusu basi lipia daraja la kwanza kwenda tu, kurudi mkae ekonomi, kwa sababu kurudi mama hana harusi ya kukimbilia, au mpe kiti cha pembeni mwa njia kwenye ekonomi ainuke kila baada ya muda atembee kidogo mpaka mwisho wa behewa arudi. Kule mwisho wa behewa kuna maji ya moto, beba majani ya chai na kikombe utajishukuru, manake chai ya kwenye kigari inayopitishwa ndani ina bei ya hotelini.

Mkifika Miritini, kabla ya kuingia jengoni kuna ukaguzi ambao wageni huushangaa. Mnaambiwa mpange mabegi yote chini kwenye mstari, kila mtu arudi nyuma, halafu askari anapita na mbwa ananusa begi moja moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mtu kugusa begi wala kumwita mtoto. Mbwa akimaliza ndipo unachukua mzigo wako unakwenda kwenye mashine, unapitisha begi, unapita mwenyewe, kitambulisho na tiketi mkononi. Mama zetu wengi hili la mbwa linawakera kwa ajili ya nguo za kusalia, dawa yake ni rahisi, tia kanzu na mitandio ya sala ndani ya mfuko uliofungwa kisha ndani ya begi, pua ya mbwa ikigusa inagusa begi la nje unapangusa yamekwisha. Visu usibebe, hata kile cha kukatia maembe, watakichukua. Mtungi wa gesi, mafuta ya taa, petroli, usijaribu. Na ile mifuko ya nailoni ya zamani ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017, kwa hivyo mahamri yako na viazi vya karai tia kwenye kontena.

Kutoka gari linapowaacha mpaka kwenye behewa mwendo si mdogo kwa mtu wa magoti, na treni yenyewe ni ndefu, behewa lenu linaweza kuwa mwisho kabisa. Mama akishaketi kwenye chumba cha kungojea usimwinue mpaka watangaze, na wakianza tu kutangaza nenda kamwombe mfanyakazi wa pale mlangoni kabla msongamano haujaanza, mwambie una mgonjwa. Wakiona mzee hawana ubishi, watakutangulizeni. Sala, Adhuhuri na Alasiri mzimalize kabla ya kupanda, nyinyi ni wasafiri ruhusa ya kukusanya ipo, manake Alasiri itawakuta ndani ya treni mko Miasenyi huko na hakuna pa kusimama.

Njiani sina mengi. Kuelekea Nairobi, Tsavo East iko kulia na Tsavo West iko kushoto, tembo wekundu kwa vumbi unaweza kuwaona pande zote mbili baada ya Voi, na reli imeinuliwa juu ili wao wapite chini. Kilimanjaro iko kushoto lakini kwa treni ya saa tisa jua litakuwa linazama na mawingu yameshauvaa mlima, usimwahidi mtoto. Treni haizidi kilomita 120 kwa saa, na reli ni moja tu, kwa hivyo mkisimama mahali hakuna stesheni ya maana mkaona treni nyingine inapita kwa kishindo msishtuke, mnapishana.

Nairobi mtafika saa mbili usiku na kitu. Hapa sikiliza vizuri. Stesheni mtakayoshukia inaitwa Nairobi Terminus, iko Syokimau, si mjini. Na kuna stesheni nyingine hapo karibu inaitwa Syokimau, ile ndogo ya treni za mjini iliyofunguliwa 2012, watu wanachanganya hizi mbili kila siku, mwenyeji wako anakwambia nimefika Syokimau nawangoja, kumbe yuko stesheni nyingine kabisa. Mwambie aje SGR, Nairobi Terminus. Pale pale, ukishatoka treni kubwa, kuna treni ndogo inayongoja abiria wa SGR na kuwapeleka mpaka stesheni kuu ya mjini, Nairobi Central. Ni rahisi na haina jam. Lakini kwa nyinyi haifai, South C iko upande huo huo wa barabara ya Mombasa, mkienda mpaka mjini mtakuwa mmeipita halafu mtafute gari la kurudi usiku na mama. Jamaa aje na gari, au mchukue teksi kwa simu kutoka hapo hapo stesheni. Mkitoka nje kuna madereva watawavamia kwa majina yote mama, dada, shangazi, mmoja atashika begi kabla hujamjibu. Shikilia begi lako, mkalishe mama ndani, gari lako likifika ndipo mtoke. Na sweta ziwe juu kwenye begi la mkononi, zisiwe chini ya halwa.

Mjomba wa Kisumu. Treni ya Kisumu haitoki Syokimau, inatoka Nairobi Central mjini, kwa ile reli ya zamani iliyokarabatiwa na kuanza tena safari Disemba 2021. Haiko kila siku, ni ya wikendi, kutoka Nairobi ni Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, inafika Kisumu Jumamosi asubuhi, na kurudi ni Jumapili. Akipanda Express yenu ya saa tisa hata iwe Ijumaa amekwisha achwa, yeye anafika Syokimau treni ya Kisumu imeshapita Kikuyu. Kwa hivyo yeye asiongozane na nyinyi. Apande ile ya saa mbili asubuhi siku ya Ijumaa, ama alale Mombasa Alhamisi, ama apite ile njia yangu ya Kaloleni apandie Mariakani. Saa nane na kitu mchana yuko Nairobi Terminus, achukue ile treni ndogo mpaka Central, pale pale ndipo ya Kisumu inapotoka, hatoki hata nje ya stesheni, ana masaa ya kutosha kula na kuswali. Tiketi ya Kisumu akate mapema kando, hii ya Mombasa haimfikishi, na kabla hajalipa chochote athibitishe kwamba wiki hiyo treni ya Kisumu inatoka, reli ile ya zamani mvua ikinyesha sana safari husimamishwa. Asidanganywe na mtu akamwambia SGR inafika Kisumu. SGR ikitoka Nairobi inapita Ongata Rongai, Ngong, Mai Mahiu, inaishia Suswa, kipande hicho kilifunguliwa Oktoba 2019, na Suswa si Kisumu, wala si mji wa Naivasha.

Kurudi ndiko watu wanakokosea kabisa, wanapanda treni ile ile waliyoendea kwa mazoea. Express ya saa tisa ukirudi nayo inakutua Miritini saa mbili usiku na zaidi, magari ya Malindi yamepungua, jam ya Mtwapa ya jioni bado haijaisha, utafika nyumbani saa sita za usiku. Ile ya saa nne usiku inakutupa Miritini saa tisa saa kumi za alfajiri, unakaa kwenye viti vya stesheni mpaka kupambazuke. Nyinyi kurudi pandeni ile ya saa mbili asubuhi, Jumatatu. Kutoka South C mpaka Syokimau kwa saa ile mnakwenda kinyume na jam, wenzenu wote wanaingia mjini nyinyi mnatoka, kwa hivyo saa kumi na mbili na nusu mkitoka nyumbani inatosha. Mnafika Miritini saa nane na kitu mchana, dereva wenu wa Probox awe ameshakuja, na kabla ya Isha mko Shella. Yule dada wa Lamu alale tena kwako, basi la Amu alidake asubuhi.

Kitu cha mwisho cha kufanya leo hii, kabla ya mwezi kuanza: mpigie dada yako umuulize kama Jumatano anaweza, manake tiketi za wote unabuku mara moja, na huwezi kubuku mpaka yeye aseme.